Hamming, konvolusheni au Reed–Solomon? Kuchagua msimbo wa redio kati ya mlima na Goma kwa jicho la nadharia ya mifumo

Tuchukue kituo kidogo kwenye mteremko wa Nyiragongo, chini ya kilomita 20 kutoka Goma: vipimo vya joto, gesi na mtikisiko, paneli ya sola, betri na redio ya VHF. Kila dakika kinatuma mjini pakiti ya baiti 24. Njiani pakiti hiyo ina maadui wawili wasiofanana. Wa kwanza ni ishara dhaifu: antena imeyumba, betri imeshuka, na kelele ya kawaida inageuza biti moja huku, nyingine kule, bila mpango. Wa pili ni radi, ambayo mashariki mwa Kongo hupiga mara nyingi kuliko karibu sehemu zote za dunia, pamoja na jenereta, inverta za bei ya chini na plagi za pikipiki. Huyu wa pili hagusi biti moja moja. Anafuta kipande kizima, kisha anatulia.

Dawa ni kutuma biti za ziada ili mpokeaji asahihishe mwenyewe, bila kuomba pakiti irudiwe. Tuseme tumekubali kulipa mara mbili: baiti 24 za vipimo, takriban 48 hewani. Kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde hiyo ni sekunde 0.32 za kurusha. Kwa bei hiyo moja unaweza kununua vitu vitatu tofauti kabisa.

Cha kwanza ni Hamming (8,4). Richard Hamming alichapisha kazi yake mwaka 1950 akiwa Bell Labs. Kila biti 4 zinapewa biti 4 za ukaguzi. Katika kila neno la biti 8, kosa moja linasahihishwa na makosa mawili yanagunduliwa bila kusahihishwa. Pakiti yetu inakuwa maneno 48, yaani baiti 48.

Cha pili ni msimbo wa konvolusheni, uliopendekezwa na Peter Elias mwaka 1955. Tutumie ule maarufu wenye urefu wa 7 (kila tokeo linategemea biti ya sasa na sita zilizopita) na polinomia 171 na 133 (zinaonyesha ni biti zipi kati ya hizo zinajumlishwa, zimeandikwa kwa oktali), uliopanda na vyombo vya anga vya Voyager na baadaye ukaingia kwenye Wi-Fi. Kila biti inayoingia inatoa mbili. Mwishoni unaongeza biti 6 za sifuri: (192 + 6) × 2 = biti 396, baiti 50 baada ya kujaza pengo la mwisho.

Cha tatu ni Reed–Solomon (48,24), kutokana na makala ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Kwa asili ni (255,231), lakini baiti 207 za mbele unazichukulia kuwa sifuri na huzitumi. Baiti 24 za ukaguzi zinasahihisha baiti 12 popote zilipo, na haijalishi ndani ya baiti moja zimeharibika biti ngapi.

Sasa tuvipitishe kwenye kelele zile zile:

| | Hamming (8,4) | Konvolusheni 171/133 | Reed–Solomon (48,24) |
|---|---|---|---|
| Baiti hewani | 48 | 50 | 48 |
| Pakiti zinazopotea, biti 1 kati ya 100 ikigeuka ovyo | kama 12 kati ya 100 | chini ya 1 kati ya 10,000 | chini ya 1 kati ya 10,000 |
| Pakiti zinazopotea, biti 3 kati ya 100 zikigeuka ovyo | kama 66 kati ya 100 | kama 1 kati ya 100 | kama 22 kati ya 100 |
| Mkururo mmoja wa biti 24, bila kusuka (yaani bila kuchanganya mpangilio wa biti) | karibu kila mara inapotea | mara nyingi inapotea | inapona daima |
| Inajua kwamba imeshindwa? | mara nyingine | hapana | karibu daima |

Namba za Hamming na Reed–Solomon ni hesabu ya binomia ya kawaida. Ya konvolusheni ni kikomo cha juu: unajumlisha njia zote za makosa zenye uzito wa 10, 12, 14 na kuendelea, huku mpokeaji akipewa 0 na 1 tupu bila habari nyingine.

Soma mstari wa tatu na wa nne kwa pamoja. Kwenye makosa yaliyotawanyika, konvolusheni inamwacha Reed–Solomon mbali sana. Kwenye mkururo, mambo yanageuka. Milisekunde 20 za kelele kwa biti 1,200 kwa sekunde ni biti 24. Hizo zinagusa baiti 3 au 4, na Reed–Solomon ina uwezo wa 12. Mkururo wa hadi biti 89 hauwezi kugusa zaidi ya baiti 12, kwa hiyo peke yake hauiangushi. Wanaouliza tu "upi una nguvu?" huishia kununua dawa ya ugonjwa ambao hawana.

Kumbukumbu inakaa wapi

Nadharia ya mifumo inasaidia hapa kwa sababu inaeleza kwa nini jedwali lina sura hiyo. Rudolf Kalman aliipa sura yake ya leo kuanzia mwaka 1960: mfumo una hali x, unapokea u, unatoa y,

x(t+1) = A·x(t) + B·u(t)
y(t) = C·x(t) + D·u(t)

Badilisha namba za kawaida kwa hesabu ambamo 1 + 1 = 0, na hizo ndizo equesheni za enkoda ya konvolusheni, bila kuongeza wala kupunguza. Tuone kwa mfano mdogo, polinomia 7 na 5, ambao unaweza kuufuata kwa kalamu. Hali ni biti mbili zilizopita, x1 na x2. Matokeo ni y1 = u + x1 + x2 na y2 = u + x2. Ingiza 1 0 1 1, kisha sifuri mbili za kufungia:

u=1, hali 00 → 11
u=0, hali 10 → 10
u=1, hali 01 → 00
u=1, hali 10 → 01
u=0, hali 11 → 01
u=0, hali 01 → 11, na hali inarudi 00

Hewani zinakwenda 11 10 00 01 01 11. Weka mfano huu kwenye programu yako kama jaribio la kwanza. Ikitoa kitu kingine, una tatizo la mpangilio wa biti, na hakuna haja ya kuwasha redio kwanza.

Zile sifuri za mwisho ndizo wahandisi wa mifumo wanaita kuendesha hali hadi sifuri. Rejista ya kusogeza inadhibitika kikamilifu: hali yoyote inafikiwa kwa hatua mbili, na kutoka hali yoyote unarudi nyumbani kwa hatua mbili. Kwa urefu wa 7 ni hatua sita. Usipozituma, mpokeaji hajui njia iliishia wapi, na biti za mwisho za pakiti zinakuwa na ulinzi hafifu kuliko za katikati. Dalili yake ni rahisi kuitambua: makosa yanayobaki yamejazana mwishoni mwa pakiti.

Enkoda ya Reed–Solomon nayo ni mfumo wenye hali, jambo ambalo vitabu vya algebra havisemi kwa sauti. Ni rejista yenye seli 24, kila seli baiti moja, yenye mrejesho. Unaiingizia baiti 24 za vipimo, hatua 24, kisha unasoma yaliyobaki ndani ya seli. Masalio hayo ndiyo baiti 24 za ukaguzi. Tofauti nzima ya kifalsafa iko hapo: konvolusheni inaifuta hali mwishoni, Reed–Solomon inaituma. Na kwa kuwa seli zake ni baiti, kosa kwake ni baiti. Biti nane zilizoharibika pamoja zinahesabiwa kosa moja. Kwa konvolusheni kumbukumbu ni ya biti sita tu zilizopita, kwa hiyo mkururo wa biti 24, ambao ni hatua 12 za enkoda, unafunika kumbukumbu yote mara mbili na mpokeaji hana pa kushika.

Hamming (8,4) ina kumbukumbu ya neno moja na inaanza upya kila biti 8. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana ni dhaifu.

Upande wa mjini: kukisia hali au kutafuta mfumo

Mpokeaji wa konvolusheni ni mkadiriaji wa hali. Ni ndugu wa kichujio cha Kalman, ila hali zenyewe ni chache na zinahesabika: 64 kwa urefu wa 7. Andrew Viterbi alitoa kanuni yake mwaka 1967, na Jim Omura akaonyesha mwaka 1969 kwamba ni upangaji wa hatua kwa hatua ule ule wanaoutumia watu wa udhibiti. Kwa kila hatua, kila hali inashindanisha njia mbili zinazoingia na kubakiza iliyo karibu zaidi na kilichopokelewa.

Gharama yake ihesabu kabla ya kununua bodi. Hatua 198 × hali 64 × njia 2 = milinganisho 25,344 kwa pakiti. Muda si tatizo hata kwa maikrokontrola ya megahazi 16. Tatizo ni kumbukumbu: kuhifadhi maamuzi yote ni biti 64 × 198 = 12,672, yaani baiti 1,584, na juu yake alama za njia, baiti 256 ukitumia baiti mbili kwa kila moja na seti mbili, ya zamani na mpya. Jumla 1,840. Arduino Uno ina baiti 2,048 za RAM, na programu ya redio nayo inataka sehemu yake. Itakwama, na haitakwama kwa heshima: rundo la programu (stack) litagongana na data na utaona pakiti za ajabu ambazo si kosa la redio. Weka ESP32, maikrokontrola yenye RAM kubwa zaidi, upande wa mjini, au tumia urefu wa 3, ambao maamuzi yake ni baiti 97 tu lakini umbali wake huru (idadi ndogo kabisa ya biti zinazotofautisha njia mbili) ni 5 badala ya 10.

Faida kubwa ya Viterbi inakuja pale redio inapoweza kusema "nadhani ni 1, lakini sina hakika sana" badala ya 1 tupu. Kiwango hicho cha hakika kina thamani ya takriban desibeli 2, karibu sawa na kuongeza nguvu ya kurusha kwa nusu nyingine. Kipokezi cha programu kinachoungwa kwenye kompyuta kwa USB kinakupa habari hiyo. Moduli za redio za bei rahisi zinazokutolea baiti zilizokwisha kuamuliwa hazikupi, na hapo desibeli 2 zako zimekwenda bure.

Reed–Solomon haiwezi kupokelewa kwa njia ya Viterbi. Seli 24 za baiti ni hali 256 kwa kipeo cha 24. Hakuna mashine ya kuzipitia. Hapa ndipo muungano wa fani hizi mbili ulipo mtamu zaidi. Mpokeaji anakokotoa sindromu 24, yaani namba za kukagua kilichopokelewa. Pakiti ikiwa safi, zote ni sifuri. Ikiwa na makosa, sindromu ya nafasi j ni jumla ya (ukubwa wa kosa) × (mahali pa kosa kwa kipeo cha j). Aliyesoma mifumo ataitambua fomula hiyo mara moja: ni mwitikio wa mfumo wa mstari kwa mpigo mmoja. Mahali pa makosa ni thamani za eigeni za matriki A. Ukubwa wa makosa ni vizidishi vyake. Kwa hiyo swali "makosa yako wapi?" linageuka kuwa "ni mfumo gani mdogo kuliko yote unaotoa namba hizi 24?" Swali hilo wanafunzi wa udhibiti wanalijua kwa jina la Ho na Kalman, 1966. James Massey alionyesha mwaka 1969 kwamba kanuni ya Elwyn Berlekamp inafanya kazi hiyo hiyo: inatafuta rejista fupi kuliko zote inayozalisha sindromu. Urefu wa rejista ndio idadi ya makosa. Radi ikiharibu baiti 4, rejista inatoka na urefu wa 4.

Kwa sababu hiyo Reed–Solomon inajua inaposhindwa. Urefu ukizidi 12, au mahali palipopatikana pakiangukia nje ya baiti 48, inakataa pakiti. Uwezekano wa kusahihisha vibaya bila kujua ni wa kiwango cha moja kwa 12!, yaani moja kati ya milioni 479 hivi, na hiyo ni kwa zile pakiti zilizozidi uwezo wake tu. Viterbi haina ustaarabu huo. Itakupa njia bora hata ukiilisha kelele tupu. Ukichagua konvolusheni, lazima uweke CRC (namba ya kukagua kama data imebadilika) ya biti 16 ndani ya data kabla ya kusimba, na baiti zako 24 za vipimo zinakuwa 22.

Kuhusu mzigo, sindromu zinataka mazidisho 1,152 ya baiti, na hatua nyingine ni chache zaidi. Majedwali ya kuzidisha yanachukua baiti 768, lakini unaweza kuyaweka kwenye kumbukumbu ya programu badala ya RAM. Uno inaimudu.

Mtego wa enkoda inayoficha

Kuna watu wanaobuni polinomia zao wenyewe. Wasikilize hili. Chukua 6 na 5 badala ya 7 na 5: y1 = u + x1, y2 = u + x2. Inaonekana haina ubaya. Sasa ingiza 1 1 1 1 1 bila kukoma. Matokeo ni 11, 01, kisha 00, 00, 00 hadi mwisho. Data isiyo na kikomo ya moja-moja imetoa moja tatu tu hewani. Kelele ikizigeuza hizo tatu, mpokeaji anaona sifuri tupu na anaandika sifuri tupu: makosa matatu ya hewani yamezaa makosa yasiyokwisha.

Ukipima uonekano, yaani kama matokeo yanatosha kufichua hali, kwa kanuni ya kawaida ya Kalman, mfumo huu unafaulu, kwa sababu C ni matriki ya kitambulisho. Kanuni hiyo inadhani unajua kinachoingia. Mpokeaji wetu hakijui, ndicho anachokitafuta. Kinachotakiwa ni uonekano wenye nguvu zaidi: kusiwe na hali isiyo sifuri inayoweza kudumu huku matokeo yakiwa sifuri, kwa u yoyote. Hapa ipo: hali 11 ikipewa u=1 inabaki 11 na kutoa 00. Massey na Michael Sain walitoa kipimo chake mwaka 1968: andika polinomia zako kwa D, ambayo hapa ni kuchelewa kwa hatua moja (si ile D ya equesheni), kisha tafuta kigawo chao kikubwa cha shirika, kikiwa kitu kingine zaidi ya kipeo cha D, tupa. Hapa 1+D na 1+D² zina kigawo 1+D, kwani kwa hesabu hii 1+D² ni (1+D)². David Forney mwaka 1970 akapanga nadharia yote ya enkoda ndogo zisizoficha. Kwa vitendo, chukua 7/5 au 171/133 na usibuni.

Kuna enkoda nyingine ya mrejesho inayozalisha msimbo ule ule wa 7/5, ila data inapita wazi kwenye tawi moja. Aina hii ndiyo iliyozaa misimbo ya turbo mwaka 1993 huko Brest, Ufaransa. Ukiitumia, usiifunge kwa sifuri mbili. Kwa kuwa kuna mrejesho, sifuri hazirudishi hali nyumbani; lazima uingize u = x1 + x2 kwa hatua mbili, yaani mdhibiti unaofuta mrejesho. Kosa hili linapita jaribio la pakiti inayobahatika kuishia kwenye hali 00 na kujitokeza kwenye nyingine, ndiyo maana linachosha kulitafuta.

Yanayoharibika kabla msimbo haujapata nafasi

Pakiti nyingi zinazolaumiwa kwenye msimbo zilikufa mapema. Redio ya VHF inachukua muda kufungua sauti baada ya kugundua mawimbi, kwa hiyo mwanzo wa pakiti unakatwa. Tuma biti za kuamsha kwa milisekunde 300 kabla ya data. Kisha weka neno la kupatanisha la biti 32, na kwenye mpokeaji ruhusu hadi biti 3 zisilingane. Ukidai zote 32, pakiti nyingi zenye makosa hazitaufikia kabisa msimbo wako wa kuyasahihisha. Urefu wa pakiti usiuandike ndani yake. Weka baiti 48 daima, maana baiti ya urefu ikiharibika, mpokeaji anakata pabaya na hakuna algebra inayorudisha.

Biti moja ikipotea au kuongezeka, badala ya kugeuka, misimbo yote mitatu inaanguka. Hilo ni tatizo la saa ya modemu. Lishughulikie huko huko.

Ukichanganya maktaba mbili za programu, upande wa mlima na upande wa mji, zipatanishe kwanza. Reed–Solomon nyingi za mtandaoni zinatumia polinomia 0x11D, na zinatofautiana kama mzizi wa kwanza ni wa nafasi 0 au 1. Ile ya kiwango cha anga za juu cha CCSDS inatumia 0x187 na mzizi wa 112. Kwenye konvolusheni, 171 na 133 huandikwa pia 0x4F na 0x6D zikigeuzwa, na CCSDS inapindua tawi la pili. Tofauti yoyote kati ya hizi inakupa pakiti mbovu asilimia mia hata kwa waya wa mita moja mezani. Ndiyo maana jaribio la mezani linatangulia.

Basi uchague upi

Tazama kwanza kelele yako. Rusha pakiti elfu moja unazozijua, siku ya mvua na siku ya jua, bila msimbo wowote, na uhifadhi biti zilizopokelewa. Chora nafasi za makosa. Yakiwa yametawanyika, na kipokezi chako kinatoa kiwango cha hakika, chukua konvolusheni ya urefu wa 7 pamoja na CRC. Mlimani enkoda yake ni biti sita za kumbukumbu na mistari kumi ya programu. Mzigo wote uko mjini kwenye umeme. Hii ndiyo sababu hasa vyombo vya anga viliipenda.

Yakiwa makundi makundi, au redio yako inatoa baiti tu, chukua Reed–Solomon (48,24) na usihangaike zaidi. Hili ndilo chaguo letu kwa kituo kama hiki wakati wa masika. Tena, redio ikiweza kukuambia ni wapi ishara ilizama, tia alama baiti hizo kuwa mapengo. Pengo linagharimu nusu ya kosa: makosa mara mbili, ukijumlisha mapengo, yasizidi 24.

Hamming ina nafasi moja ya heshima, pale ambapo mpokeaji naye ni maikrokontrola ndogo mno. Hapo usuke biti: andika maneno 48 kwa mistari, tuma kwa safu. Mkururo wa hadi biti 48 utagusa kila neno mara moja tu, na yote yatasahihishwa. Lakini kosa moja la ziada likiangukia neno lililoguswa tayari, neno hilo limekwenda. Konvolusheni pia inasukwa, kwa mfano mistari 18 kwa safu 22, ambazo ni 396 kamili.

Ukihitaji vyote, unganisha: Reed–Solomon (32,24) nje, konvolusheni ndani. Baiti 32 ni biti 256. Ongeza 6, zidisha kwa 2, unapata 524, yaani baiti 66. Mpangilio usiugeuze. Viterbi ikikosea inakosea kwa mkururo, na mikururo ndiyo chakula cha Reed–Solomon. Fundi wa parabola wa Goma au Bukavu anashika mpangilio huu kila siku: ile FEC 3/4 (biti 3 za data kwa kila 4 zinazotumwa) kwenye menyu ya dekoda ya DVB-S ni konvolusheni ya 171/133 iliyopunguzwa, na nyuma yake kuna Reed–Solomon (204,188) inayosahihisha baiti 8, na usukaji wa kina cha 12. DVB-S2 iliacha hayo na kuchukua LDPC, aina nyingine ya msimbo, lakini kwenye fremu za hadi biti 64,800. Kwa pakiti ya biti 192 LDPC ndefu kama hiyo haina cha kukupa.

Kwa moduli za LoRa (redio za masafa marefu zinazokula umeme kidogo) hesabu ni nyingine. Ndani yake kuna msimbo wa jamii ya Hamming: viwango vya 4/5 na 4/6 vinagundua tu, 4/7 na 4/8 vinasahihisha biti moja. CRC ikikataa, kwa kawaida programu inatupa pakiti nzima. Kwa hiyo kuongeza Reed–Solomon ndani ya pakiti ni kulinda kitu ambacho hakitafika mkononi. Iweke kati ya pakiti: pakiti 8 za vipimo na 2 za ukaguzi, na zozote 8 zitakazofika zinatosha kurudisha zote.

Na anayefikiria kuvuka ziwa, Goma hadi Bukavu, aanze na jiometri. Kwa kilomita 100 za maji, mkunjo wa dunia unataka antena zote mbili ziwe takriban mita 150 juu ya ziwa ili tu zionane, na kisiwa cha Idjwi chenye vilima kiko katikati. Mawimbi yanayodunda kwenye maji yanafika yakiwa yamechelewa kidogo na mara nyingine yanaua yale ya moja kwa moja. Kuzama huko kunaweza kuchukua sekunde nyingi, wakati pakiti yetu ni theluthi moja ya sekunde. Hakuna msimbo wa ndani ya pakiti unaookoa pakiti ambayo haikusikika kabisa. Hapo mpango wa 8 na 2 unafaa tena, pakiti zikitenganishwa kwa dakika nzima, au kituo cha kati Idjwi.